Bonasi Imeingia: Kamera ya Mfukoni au SLR?

Nimekuwa kimya wiki kadhaa. Mfumo wa malipo wa mteja mmoja wa Kisumu ulinikalia shingoni mchana na usiku. Sasa umeanza kutembea wenyewe, kwa hiyo leo naweka kando hifadhidata nizungumzie kamera.

Hapa Kericho ukishasomea kompyuta chuo kikuu, watu wanaamini unajua kila kitu chenye betri. Redio ikinyamaza, unaitwa. King'amuzi kikigoma, unaitwa. Na kila mwaka wakulima wanapolipwa bonasi ya majani chai, kuna swali moja lazima linifikie, kutoka Litein, kutoka Kapsoit, hata kutoka Bomet: ninunue ile kamera ndogo ya kuingia mfukoni, au ile kubwa ya kuvaa shingoni?

Nitoe jibu langu mapema ili mwenye haraka aende zake. Kama kuna mtu atakulipa kwa picha, nunua SLR iliyotumika pamoja na lenzi moja nzuri. Kama hakuna atakayekulipa, usinunue kamera yoyote. Tumia simu uliyo nayo, na pesa iende kwingine. Kamera ndogo ya bei nafuu ndiyo ya mwisho kabisa kwenye orodha yangu. Nikitoa hukumu kali namna hiyo sina budi kuieleza.

Zamani swali lilikuwa gumu kweli

Kwanza tuelewane maneno. SLR ni kamera yenye kioo ndani. Mwanga unaingia kwa lenzi, unagonga kioo, unapelekwa juu hadi jichoni mwako, kwa hiyo unaona kile kile lenzi inachoona. Ukibonyeza, kioo kinainuka na mwanga unaangukia kihisi, kile kibamba kilichochukua nafasi ya filamu. Lenzi yake unaweza kuitoa ukaweka nyingine. Kamera ndogo, yaani kompakti, haina kioo hicho, na lenzi yake haitoki.

Mwaka 2003 Canon ilitoa EOS 300D, SLR ya dijitali ya megapikseli 6 iliyouzwa Marekani kwa chini ya dola 1,000 pamoja na lenzi. Siku hizo hiyo ilikuwa habari kubwa, kwa kuwa kabla yake mtu wa kawaida hakuwa na la kuchagua. Kuanzia hapo ubishi ukawa wa haki: SLR ilikuwa na ubora, kompakti ilikuwa na wepesi na bei. Mtu angeweza kutetea upande wowote asichekwe.

Kilichobadilika ni simu. Mwaka 2010 viwanda vya kamera, vingi vikiwa vya Japani, vilisafirisha kamera za dijitali zaidi ya milioni 121, na nyingi mno zilikuwa kompakti. Mwaka 2023 idadi yote ilikuwa chini ya milioni 8. Watu hawakuacha kupiga picha, wanapiga kuliko wakati wowote. Waliacha kubeba vifaa viwili vinavyofanya kazi moja. Wepesi, ambao ndio ulikuwa hoja kuu ya kompakti, ulihamia kwenye simu na haukurudi.

Hesabu ya kihisi

Sasa niingie kidogo kwenye mambo ya ndani, maana ndiyo kazi yangu.

Kihisi cha kompakti nyingi za bei nafuu kina upana wa karibu milimita 6.2 na kimo cha milimita 4.6. Zidisha: milimita za mraba 28 hivi. Kihisi cha SLR ya kawaida ya Canon ni milimita 22.3 kwa 14.9, yaani kama 332. Ni karibu mara 12. Fikiria watu wawili wanakinga maji ya mvua, mmoja ana bakuli na mwenzake ana karai. Mvua ikinyesha kwa nguvu wote watajaza. Mvua ikiwa ya rasharasha, mwenye bakuli anabaki na matone. Mwanga ni vivyo hivyo. Saa sita mchana hutaona tofauti kubwa. Jioni utaiona bila kuambiwa.

Simu nayo ina kihisi kidogo, lakini inajisaidia kwa programu. Ukibonyeza mara moja, simu ya kisasa inapiga fremu kadhaa harakaharaka, inazipanga moja juu ya nyingine, kisha inachanganya ili kupunguza chengachenga. Kompakti ya bei nafuu ina kihisi kidogo kama cha simu, na programu yake ni ya zamani. Kwa hiyo unalipa pesa mpya upate kitu ambacho kwa sehemu kubwa tayari unacho.

Ila ujanja wa simu una mpaka wake. Fremu nyingi zinapatana vizuri kama kitu kimetulia. Mtu akikimbia, fremu ya kwanza ana mguu hapa na ya tatu ana mguu pale, na programu inabaki kubahatisha. Hii ni nchi ya wakimbiaji, jamani. Wilson Kiprugut, aliyeiletea Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki pale Tokyo mwaka 1964, alikuwa mtu wa Kericho. Ukitaka kumpiga picha mtoto wa shule anayekata kona ya mwisho ya mita 800, SLR inashika fokasi upesi na kupiga saa hiyo hiyo, na unamtazama kwa macho yako kupitia lenzi hadi kioo kinapoinuka.

Jambo lingine ni faili. SLR inaweza kukuhifadhia faili ya RAW, ambayo ni data ya kihisi kabla haijapikwa. JPEG ina biti 8 kwa kila rangi, yaani ngazi 256 za mwanga. RAW ya SLR nyingi ina biti 14, yaani ngazi 16,384. Uso ukitoka mweusi kwa sababu dirisha lilikuwa nyuma ya mtu, kwenye RAW unaweza kuurudisha. Kwenye JPEG mara nyingi unakuta matope.

Kericho ina masharti yake

Kamera nyingi hukaguliwa kwenye magazeti na watu wanaoishi penye jua au penye taa. Sisi tuko juu, karibu mita 2,000 na zaidi, na mvua ya alasiri hapa haiombi ruhusa. Asubuhi ukungu umelala juu ya majani chai. Mambo matatu yanafuata.

La kwanza, kamera hudanganywa na ukungu. Kipimo cha mwanga kinataka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Ukungu mweupe kikiuona kinasema "mwanga umezidi," kinapunguza, na asubuhi nzuri ya Kapkatet inatoka kama jioni ya msiba. Dawa ni kuongeza mwanga kwa hatua moja hivi. Kwenye SLR ni kitufe na kigurudumu, unafanya hata bila kutoa jicho. Kwenye kompakti nyingi utaitafuta kwenye menyu mpaka ukungu uondoke.

La pili ni kijani. Vihisi vya kamera nyingi vinatumia mpangilio wa rangi aliobuni Bryce Bayer wa Kodak, uliopewa hataza mwaka 1976. Katika kila pikseli nne, mbili ni za kijani, moja nyekundu, moja bluu, kwa kuwa jicho la binadamu linasoma undani zaidi kwenye kijani. Maana yake mashamba yetu yanapata nusu nzima ya kihisi. Lakini kompakti na simu hupenda kuongeza kijani juu ya kijani ili picha ivutie kwenye kioo, na majani yanageuka rangi ya soda. Aliyechuma chai anajua kijani cha majani mawili na chipukizi si kijani cha jani kuukuu. Ukitaka tofauti hiyo ibaki, piga RAW.

La tatu ni unyevu. Lenzi ikifungiwa kwenye mfuko wa ngozi kabatini msimu wote wa mvua, inaota kuvu ndani ya vioo, nyuzi nyembamba kama buibui. Hapa SLR inapoteza alama, kwa sababu lenzi zake ni nyingi na mwili wake unafunguka kila unapobadilisha. Weka vifaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, na uvitoe kazini mara kwa mara. Kamera inayofanya kazi haioti kuvu upesi.

Nani atalipia?

Mwaka jana anti yangu aliniuliza swali hili bora kuliko mtu mwingine yeyote. Kijana wake amemaliza kidato cha nne, anapenda picha, na yeye ana vichaka vya chai ambavyo vinamlipa kidogo kila mwezi na bonasi mara moja kwa mwaka. Akaniambia, "Mwanangu, mimi sitaki kujua ipi ni nzuri. Nataka kujua ipi itarudisha pesa yangu."

Nikamjibu, "Anti, kubwa inaweza kurudisha. Ndogo haiwezi."

Si kwa sababu ya ubora peke yake. Mteja wa harusi au wa koito ana simu nzuri mfukoni, na shemeji zake wote wanazo. Halipi mtu afanye kile ambacho shemeji anafanya bure. Analipia kile simu haifanyi: uso wa bibi harusi ndani ya kanisa la mabati lenye madirisha madogo, nje mvua, ndani giza, na watu hawatulii.

Na hapo kinachobeba kazi ni lenzi kuliko kamera. Lenzi inayokuja na SLR ya bei ya chini, ile ya milimita 18 hadi 55, ukiivuta mwisho inafunguka hadi f/5.6 tu. Lenzi ya milimita 50 ya f/1.8, isiyo na zumu na ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa za Canon na Nikon, inapitisha mwanga zaidi ya mara 9. Mahali ulipolazimika kupandisha ISO hadi 6400 na kupata chengachenga, sasa ISO 800 inatosha kwa kasi ile ile. Kwa hiyo chukua mwili wa zamani kidogo na lenzi hii, kuliko mwili mpya na lenzi ya kwenye boksi.

Lakini nilimwambia anti apige hesabu kwanza. Chukua bei ya vifaa vyote: kamera, lenzi, betri ya pili, kadi mbili za memori. Gawanya kwa kile kinachobaki kwenye kazi moja ukishatoa nauli na chakula. Jibu ni idadi ya kazi za kurudisha mtaji. Kama ni 10, na kijana hajawahi kufanya hata 1, basi asinunue bado. Akodi kwa wikendi, au ambebee mpiga picha aliyeko mifuko kwa msimu mmoja, ajifunze na ajulikane. Bonasi ikiliwa na kamera inayolala kabatini, mbolea itanunuliwa kwa mkopo. Hiyo ndiyo gharama halisi, na haiandikwi kwenye boksi.

"Lakini SLR imekufa"

Najua kuna watakaosema nimechelewa, dunia imehamia kamera zisizo na kioo. Ni kweli. Canon na Nikon hazijatoa SLR mpya tangu 2020. Ningekuwa na pesa ya kutosha nami ningechukua isiyo na kioo.

Ila angalia upande wa pili. Kwa kuwa wenye nazo wanahama, SLR nzuri zinauzwa zikiwa zimetumika kwa bei ambayo miaka 10 iliyopita ungeiota tu. Lenzi za Canon EF zinatengenezwa tangu 1987, na mshikio wa Nikon F ni wa tangu 1959, kwa hiyo soko la mitumba limejaa. Na ukija kuhama baadaye, lenzi za EF zinaingia kwenye kamera mpya za Canon kwa kiunganishi. Sisi waandika programu tunajua: teknolojia "iliyokufa" ambayo watu wengi wanaitumia mara nyingi ni salama kuliko mpya isiyojulikana na fundi yeyote.

Ukinunua iliyotumika, angalia haya:

1. Mulika tochi ndani ya lenzi na utazame upande wa pili. Ukiona nyuzi, rudisha.
2. Uliza shata imepiga mara ngapi. SLR nyingi za daraja la chini zilipimwa kwa takriban mara 100,000. Nikon huandika idadi hiyo ndani ya faili ya picha. Canon nyingi huhitaji programu maalumu.
3. Piga picha ya ukuta mweupe na ya giza, utafute madoa na pikseli zilizokufa.
4. Dai risiti yenye namba ya kamera. Kamera ya wizi inaweza kukuletea polisi harusini.

Kompakti ina haki yake

Nisiwe mkali kupita kiasi. Kuna kompakti zenye kihisi kikubwa kama cha SLR: Ricoh GR III ya 2019, au Fujifilm X100VI ya 2024. Hizo ni kamera za kweli. Lakini X100VI ilitoka kwa dola 1,599, zaidi ya shilingi 200,000 kabla ya ushuru. Kwa pesa hiyo unapata ng'ombe wa maziwa wa maana, na ng'ombe hahitaji chaja.

Kuna pia vijana wanaotafuta kompakti za miaka ya 2000 kwa sababu ya ile sura ya picha za zamani. Kama unaipata kwa bei ya viatu, furahia. Hiyo ni burudani, na burudani haihitaji hesabu.

Wengine wanapenda kompakti kwa kuwa haionekani. Kwangu hilo ni tatizo. SLR inajitangaza, mtu akiiona anajua anapigwa picha, anaweza kukataa, anaweza kuuliza itaenda wapi. Mchuma chai akiwa na gunia mgongoni ana haki hiyo kama mtu mwingine. Na sheria ipo: chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini, na kilabu kimoja shilingi 1,850,000 kwa picha za wateja wake. Uliza kwanza.

Na asiye na mteja?

Hapa ndipo ninapotaka usikilize hata kama hutanunua chochote.

Kwa sababu nina kompyuta, kazi moja huniletewa sana. Mzee amefariki, mazishi ni Jumamosi, na familia inataka picha ya kuweka mbele na ya kuchapa kwenye programu ya ibada. Wananitumia picha moja: mzee yuko pembeni kwenye sherehe ya mtu mwingine, nusu ya uso ina kivuli, imekatwa, imetumwa WhatsApp kutoka kundi hadi kundi. "Isafishe tu," wananiambia.

Haisafishiki. Ukichapa karatasi ya A4 kwa ubora mzuri unahitaji pikseli 2,480 kwa 3,508. Picha ya WhatsApp kwa kawaida hupunguzwa hadi kama pikseli 1,600 upande mrefu, na ukikata uso pekee unabaki na mia chache. Programu za akili bandia zitakupa uso laini wenye macho makali, lakini huo ni uso wa kubuni. Nimewahi kuona mjane akitazama picha ya namna hiyo, akairudisha mezani bila kusema neno.

Simu iliyopiga picha ile ilikuwa na uwezo wa kutosha. Kilichokosekana ni mtu wa kusema, "Mzee, njoo ukae hapa karibu na dirisha," na wa kuweka faili halisi. Kamera ya bonasi isingeongeza kitu hapo. Kwa hiyo asiye na mteja, fanya hivi: wikendi moja mketishe kila mzee wa boma mlangoni, uso ukielekea mwanga, mpige picha tano. Jitumie kama dokumenti ili zisipunguzwe. Weka nakala mbili, moja isiwe kwenye nyumba hiyo. Kisha chapa moja nzuri kubwa na umpe akiwa hai, aitundike mwenyewe.

Gharama yake ni ya kuchapa tu, na chenji ya bonasi inatosha.

Ni hayo tu kwa leo. Mwenye mteja, SLR ya mtumba na 50mm. Asiye na mteja, simu na dirisha. Mara nyingine nitaeleza namna ya kutunza nakala za picha bila kulipia huduma za kila mwezi.

Bonasi njema.